Boliti Nne Chini ya Tela

Alikabidhiwa ufagio mbele ya watu, asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia juu ya ukuta wa yadi. Msimamizi, yule waliyemwita Kalamu kwa sababu ya kalamu isiyotoka sikioni kwake hata akila, alimnyooshea kwa mikono miwili kama anayempa bibi harusi zawadi.

"Haya, Fundi. Tajiri amesema leo upumzike na breki. Uanzie pale kwenye mafuta yaliyomwagika, umalizie chooni."

Madereva waliokaa juu ya matairi mabovu wakisubiri kuitwa safari walicheka. Si wote. Mmoja wao alikuwa mume wake, na yeye alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Fundi aliupokea ufagio. Akaugeuza, akaukagua mti wake na nyuzi zake, kama anavyokagua kila kitu kinachoingia mkononi mwake. "Ni mpya huu," akasema. "Asante. Ule wa zamani ulikuwa umebaki kijiti." Kisha akaanza kufagia, naye Kalamu akabaki amesimama na kicheko chake nusu, hakijui kiende wapi.

Kosa lake lilikuwa la jana yake. Lilikuja tela la ekseli tatu, akaliingiza kwenye shimo kulikagua kama alivyofanya kwa miaka tisa. Kila gurudumu la tela lina kopo lake la breki, kopo la chuma kubwa kama sufuria ya wali wa watu wanne, na ndani ya kila kopo kuna raba ya kuzuia upepo. Kati ya makopo sita, manne raba zake zilikuwa zimepasuka. Upepo ulikuwa ukivuja kwa sauti ambayo hata mpita njia angeisikia. Akaandika kwenye daftari la gereji: *Raba nne zimepasuka. Gari isitoke.* Tajiri, mwenye magari, alipolisoma alishuka mwenyewe mpaka ukingoni mwa shimo.

"Raba zitakuja wiki ijayo. Saruji inaondoka keshokutwa. Funga boliti, liende."

"Boliti ni ya kuvutia gari bovu mpaka gereji, tajiri. Si ya kushusha saruji mlimani."

"Gari ya nani hii?"

"Yako."

"Basi?"

"Gari ni yako. Barabara si yako."

Watu wa yadi walisema baadaye kwamba neno hilo ndilo lililomponza, kwamba angenyamaza baada ya "yako" ya kwanza mambo yangeisha. Pengine. Lakini alikuwa ameshalisema, na maji yakimwagika hayazoleki. Jioni ile ile akaletwa fundi wa mtaani, mtu wa baiskeli na mfuko mmoja wa spana, akalala chini ya tela, na baada ya saa moja akatoka akijipangusa mikono.

Yadi ile ilikuwa na sheria yake, ya tangu kabla Kalamu hajaota ndevu. Ukikaza boliti ya breki, unafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Dereva akifungua mlango akakiona, anashuka, hata kama ameitwa na mfalme. Na kitambaa hicho hafungui mtu mwingine ila yule aliyekifunga. Fundi wa baiskeli hakufunga kitu. Usukani ulibaki mtupu, msafi, unang'aa.

Ndiyo maana Fundi alifagia kwa uangalifu mkubwa asubuhi ile. Alifagia kwenye mafuta, akafagia kando ya matairi, akafagia mpaka chini ya tela lenyewe, ameinama, na kule chini akaona alichokuwa anakitafuta. Boliti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu na ya nne, zimekazwa mpaka mwisho, na paipu za upepo zimezibwa kwa vipande vya mti vilivyochongwa kwa kisu na kufungwa waya.

Alipotoka, Kalamu alikuwa anasoma karatasi ya safari kwa sauti. "Saruji, tani thelathini. Kuondoka kesho saa moja asubuhi. Dereva..." Akatua, akamtazama Fundi kwanza, kisha akalitamka jina kama anayelamba asali. "Taratibu."

Taratibu ndiye mume wake. Walimpa jina hilo kwa mwendo wake wa barabarani. Wenzake walipiga mbinja.

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na jiko la nyuma. Jiko lile lilikuwa na mlango wa wavu wenye springi, wa kujifunga wenyewe, na mlango huo ulikuwa na ugomvi wa siku nyingi na mama mkwe. Kila akipita unampiga kisigino. Kwa hiyo mama mkwe alitafuta waya, akaupinda, akauning'iniza kwenye msumari, na tangu siku hiyo mlango ukawa wazi mchana kutwa.

Fundi alimkuta amekaa kwenye kigoda, sinia la mchele mapajani, anachambua.

"Leo mapema," mama mkwe alisema bila kuinua kichwa. "Wamekufukuza?"

"Wamenipa ufagio, mama."

"Ufagio! Na wewe ukaupokea?"

"Nikaupokea."

Mama mkwe akatoa jiwe dogo mcheleni, akalitupa nje. "Mimi nilishasema. Kazi ya kuingia mashimoni ni ya wanaume, wacha wagombane nayo wenyewe. Na mumeo amepata safari, nimesikia kwa jirani. Mungu mkubwa. Wiki kumi na moja mwanangu anakalia matairi! Usimharibie."

Fundi alivua ovaroli, akaitundika. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga mara mbili, na harufu ya grisi ikabaki pale pale. Akakaa chini, mgongo ukutani.

"Gari aliyopewa haina breki, mama. Ya kichwa, pale mbele anapokaa yeye, ipo. Ya tela wameifunga."

"Mimi na hizo breki zenu za upepo!" Mama mkwe akacheka. "Upepo unasimamishaje gari? Upepo wenyewe huwezi kuukamata mkiani."

"Hapo ndipo wengi wanapokosea. Upepo hausimamishi." Fundi akanyanyuka, akaenda kwenye mlango wa wavu, akautoa waya msumarini, akaushika mlango kwa mkono. "Huu mlango nikiuachia, unafanya nini?"

"Unanivunja mguu, unafanya nini!"

"Kwa sababu una springi. Basi ndani ya lile kopo la breki kuna springi, nene kama mkono wangu huu. Kazi yake ni kubana gurudumu. Haijui kazi nyingine. Sasa ukitaka gari iende, upepo unaingia kwenye kopo unaisukuma springi irudi nyuma. Upepo ndio huu mkono wangu, umeushikilia mlango usifunge. Haya, tuseme paipu imekatika njiani, upepo umeisha. Mkono umeachia." Akaachia.

Paa.

"Gari inasimama papo hapo," Fundi akasema, "dereva atake asitake."

Mama mkwe aliacha kuchambua. "Na hiyo boliti mnayogombania?"

Fundi akafungua mlango tena, akauchukua ule waya, akaurudisha kwenye msumari. Mlango ukakaa wazi, umetulia kama mbwa aliyefungwa kamba. "Boliti ndiyo huu waya wako, mama. Upepo uwepo, usiwepo, springi imefungwa, haibani tena. Na paipu wameziba, kwa hiyo hata akikanyaga pedali, upepo haufiki huko. Magurudumu manne ya tela yanajiendea tu."

Kuku wa jirani akaingia kwa mlango uliokuwa wazi, akatembea kwa madaha mpaka kwenye sinia, akadonoa. Siku zote mama mkwe angemfukuza kwa kandambili. Safari hii alimtazama tu, akautazama na waya.

"Kumbe," akasema polepole. "Hiyo gari ilikuwa na akili ya kugoma. Wao wakaitoa."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Na mwanangu ndiye wa kuishusha Ngazi?"

Ngazi ni mteremko ambao madereva wote wa yadi ile huupita, kilomita kumi na moja, kona juu ya kona, na chini kabisa kuna soko.

Kuku alishaanza kudonoa mara ya tatu.

*

Taratibu alirudi jioni akipiga mluzi, kitu ambacho ukuta wa nyumba ile ulikuwa umekisahau. Alinunua sabuni ya kuogea ya harufu. Akaoga. Akatoka na taulo shingoni, akatoa kabatini shati lake la mistari, lile la safari, akalitandika mezani mbele ya mkewe.

"Nipigie pasi hili, mama watoto. Nataka niondoke kama mtu."

"Sipigi."

"Umechoka?"

"Sijachoka. Shati la kuzikiwa sipigi pasi."

Mluzi ukaisha. Mama mkwe, aliyekuwa anasinzia kwenye kochi, alifumbua jicho moja.

"Tumeanza," Taratibu akasema. "Nilijua. Nilipokuwa nakuja nikajiambia, leo nitakuta furaha au nitakuta gereji? Nimekuta gereji."

"Tela hilo lina boliti nne, baba watoto."

"Moja."

"Nne."

"Kalamu mwenyewe kaniambia. Ni moja, ya gurudumu la nyuma kabisa kushoto. Kanionyesha kwa kidole."

"Kakuonyesha kwa kidole, hukuinama?"

"Nikainame nimtie aibu mbele ya watu? Mtu kanipa safari baada ya wiki kumi na moja, nikainame chini ya gari yake kama namkagua mwizi?"

"Mimi niliinama. Nilikuwa nafagia."

Taratibu akacheka, kicheko kifupi, kikavu. "Basi sema hivyo. Wewe una hasira na ufagio."

Neno hilo lilimwingia Fundi kuliko ufagio wenyewe. Ufagio alipewa na Kalamu. Hili amepewa na mtu anayelala naye kitanda kimoja, anayejua kwamba mkono wake wa kulia haunyooki vizuri kwa sababu ya kulegeza nati za watu wengine miaka tisa.

"Na kama ni nne?" akauliza.

"Nitashuka na gia. Gia ya tatu, injini inanishikia, nafika chini nakunywa soda."

"Tani thelathini nyuma yako. Kichwa kitashika, tela halitashika. Tela lisilo na breki halifuati kichwa, linakisukuma. Kwenye kona litakupita ubavuni, utaliona kwenye kioo linakusalimia."

"Unajua wananiitaje pale?" Taratibu akapaza sauti. "Unajua? Wanasema mimi naendesha gari, na mke wangu ananiendesha mimi!"

"Waambie afadhali mimi nina breki."

Kutoka kwenye kochi kilisikika kicheko, kikageuzwa haraka kuwa kikohozi. Taratibu akamgeukia mama yake, akamgeukia mkewe, akachukua shati, akachukua pasi, akapiga mwenyewe. Alipiga vibaya. Kola ikapindika upande mmoja kama sikio la mbuzi, na hakuna aliyemwambia.

Walipolala, Fundi alisema neno moja tu, kwa sauti ya chini. "Kesho, kabla hujapanda, inama."

Taratibu akageukia ukutani.

*

Asubuhi Taratibu alipopitia jikoni na begi lake, mlango ulimpiga kisigino, paa, akaruka kwa mguu mmoja.

"Nani katoa waya?"

"Mimi," mama yake akasema, anapuliza moto. "Uache ujifunge. Umenifukuzia na kuku."

Fundi alikuwa ameshatangulia. Alivaa ovaroli yake ile ile, na kwenye mfuko wa kulia alitia spana namba kumi na tisa. Kwenye mfuko wa kushoto alitia kitambaa chekundu alichokikata kwenye sketi ya zamani. Alipofika yadi hakungoja kuambiwa. Alikwenda moja kwa moja kwa Kalamu.

"Ufagio wangu uko wapi?"

Kalamu alishangaa. Akatabasamu, akaridhika. "Naona umeanza kuelewa, Fundi."

"Naelewa upesi. Nifagie wapi leo?"

"Langoni. Tajiri anakuja, asikute takataka."

Saa moja kasoro Taratibu aliwasha gari. Injini ikanguruma, geji ya upepo ikapanda, akaachia breki ya maegesho, na gari ndefu ikatambaa kutoka ilipokuwa mpaka langoni, kichwa nje, tela ndani, imeziba lango lote. Hakuinama. Akavuta breki ya maegesho, akazima, akatia ufunguo mfukoni, akaenda ofisini kutia sahihi karatasi ya kutokea. Nyuma yake magari mengine matatu yakajipanga. La kwanza kati ya hayo lilikuwa la Mzee Honi, dereva mkongwe kuliko wote, ambaye hupigia honi mbuzi, watoto, mawingu, na mara nyingine honi yake mwenyewe.

Fundi alifagia langoni. Akafagia kando ya tairi la kwanza. Akafagia kando ya la pili. Mlinzi alimwona anainama, anaingia chini ya tela na ufagio.

"We mama, unafanya nini huko?"

"Nafagia. Nimeambiwa nifagie langoni, na hili si liko langoni?"

Mlinzi akaona ni kweli, akarudi kwenye chai yake.

Kule chini kulikuwa na kigiza na harufu ya vumbi la saruji. Fundi alilala chali, akauweka ufagio pembeni, akaingiza spana kwenye nati ya kwanza. Ilikuwa imekazwa kwa ubaya. Na yeye akakaza meno. Nati ikalia, ikakubali, ikaanza kuzunguka. Mizunguko kumi, ishirini, hamsini. Akaisikia springi ikiamka ndani ya kopo, nzito, ikanyoosha mkono wake wa chuma polepole, mpaka breki ikalibana gurudumu kwa sauti ya jino linalong'ata mfupa. Akaichomoa boliti. Akaenda ya pili. Kwenye ya tatu mkono wake wa kulia ulikufa ganzi, akatumia wa kushoto. Ya nne alilegeza huku akisikia viatu vya mumewe vikirudi kwenye kokoto. Alivijua, kimoja kilikuwa na soli iliyoachia.

Taratibu alipanda, akawasha, akangoja geji, akasukuma ndani vifundo viwili vya breki ya maegesho, akatia gia. Gari ikanguruma. Kichwa kikanyanyuka kidogo kama punda anayevutwa masikio, kikarudi. Tela halikusogea hata upana wa kidole. Akajaribu tena. Moshi tu.

Mzee Honi akapiga honi. Akapiga tena, ndefu.

"Nini?" Kalamu alikuwa anakuja mbio, kalamu inaruka sikioni. "Kwa nini haiendi?"

"Imegoma," sauti ikasema.

Fundi alikuwa ameketi kwenye jiwe la langoni, ovaroli nyeupe kwa saruji mpaka nywele. Ufagio ulikuwa umeegemezwa kando yake. Mapajani alikuwa amepanga boliti nne, moja moja, kama vijiko mezani.

*

Tajiri alifika muda huo huo, na hakuweza kuingia kwenye yadi yake mwenyewe. Gari yake ndogo ilibaki nje inapiga honi, Mzee Honi ndani akimjibu, mpaka ikambidi ashuke, ajipenyeze kati ya tela na nguzo ya lango, tumbo ndani, pumzi juu. Alitokea upande wa pili na mstari wa grisi shati zima, kutoka kifuani mpaka mkandani.

"Nani kafanya hivi?"

"Springi," Fundi akasema. "Mimi nimeifungulia tu."

"Nilikwambia ufagie!"

"Nimefagia. Hizi ndizo takataka nilizokuta."

Mlinzi alicheka, akageukia ukuta haraka. Tajiri hakumtazama. Alimtazama Taratibu, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango wa gari, shati la mistari, kola imepinda.

"Wewe. Shuka. Chukua hiyo spana, uzirudishe boliti zako, uondoke. Au nimwite mwenye mke asiyemwendesha?"

Taratibu alishuka. Alitembea mpaka kwenye jiwe la langoni, akasimama mbele ya mkewe. Fundi hakumwomba, hakumtazama hata usoni. Alimnyooshea spana tu, mpini wake mbele, kama anavyompa mtu kisu jikoni.

Taratibu aliipokea. Lakini macho yake hayakuwa kwenye spana. Yalikuwa mapajani mwa mkewe. Midomo ilicheza kidogo, alikuwa anahesabu. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Kalamu," akaita bila kugeuka.

"Naam."

"Uliniambia ngapi?"

Kalamu aligusa kalamu yake. "Nilisema... si nilisema baadhi?"

"Ulisema moja. Ukanionyesha kwa kidole."

"Sasa moja na nne, ndugu yangu, wewe dereva wa siku nyingi—"

"Nina watoto wawili shule ya bweni," Taratibu akasema. "Naijua tofauti yao na wanne."

Akamrudishia mkewe spana. Akapanda garini, tajiri akashusha pumzi, maana alidhani mtu amekubali. Taratibu alizima injini. Akaanza kukanyaga breki. Alikanyaga, akaachia, akakanyaga, akaachia, na kila alipoachia, upepo ulitoka chini ya gari kwa kishindo, *pshaa*, ukipeperusha vumbi kwenye suruali ya tajiri. Dereva yeyote alijua anachofanya. Anamaliza upepo. Sindano ya geji ikashuka kutoka nane, ikafika sita, ikafika nne. King'ora kidogo cha garini kikaanza kulia. *Pshaa.* *Pshaa.* Kisha vifundo viwili vya breki, alivyokuwa amevisukuma ndani, vikachomoka vyenyewe, tap, tap, bila kuguswa na mtu.

"Sasa na kichwa kimegoma," Taratibu akasema dirishani.

"Washa!" tajiri akapiga kelele. "Washa, ujaze upepo!"

Taratibu alichomoa ufunguo, akautia kwenye mfuko wa shati la mistari, akafunga kifungo. Akanyoosha mkono nje ya dirisha, kiganja juu, kwa mkewe. Fundi alielewa. Alitoa kitambaa chekundu mfukoni, akamrushia. Taratibu alikifunga kwenye usukani mafundo matatu, akakaza na meno.

"Aliyefunga ndiye afungue," akasema. "Leteni raba nne. Nitafungua."

"Mmefukuzwa! Wewe na mkeo! Leo hii, sasa hivi, tokeni kwenye yadi yangu!"

"Tutoke wapi, tajiri?" Fundi akauliza kwa upole kabisa. "Lango limeziba."

Mzee Honi, gari la pili, alipiga honi moja ndefu ya kuvunja masikio. Wengi walidhani amekasirika, na labda alikuwa amekasirika kweli. Naye alikuwa na mzigo wa kufikisha. Lakini honi ilikatika katikati. Mlango wake ukafunguliwa. Mzee akateremka kwa shida, mguu huu, kisha ule, akachukua boksi la karatasi lililotupwa ukutani, akalitandika chini kwa makini asichafue kanzu yake ya kazi. Akalala. Akatambaa chini ya tela lake, zikabaki nje kandambili zake mbili tu.

Tajiri alikuwa anapangusa grisi kwa leso, na kila akipangusa inaenea.

"Fundi!" sauti ya mzee ilitoka chini, imebanwa na vyuma. "Mwanangu, njoo na spana yako. Macho yangu hayaoni vizuri, lakini hiki nilichoshika sikipendi."

"Usithubutu," tajiri akasema. "Wewe si mfanyakazi wangu tena. Ukigusa gari yangu ni jinai!"

Fundi alisimama. Akakung'uta saruji magotini. Zile boliti nne akazipanga juu ya jiwe, pale pale alipokuwa amekaa, mahali ambapo kila atakayepita langoni ataziona. Akauchukua ufagio, akaupa Kalamu mikononi.

"Shika, nisaidie kidogo," akasema, na akaingia chini ya tela la pili.

Walisikia nati ikilia. Walisikia ikizunguka, mizunguko mingi. Dereva wa gari la tatu alikuwa ameshainama, na wa nne anatafuta boksi. Kisha mkono uliojaa grisi ukatokea kati ya matairi, ukainuliwa juu, watu wote wauone, umeshika chuma.

"Ya tano," Fundi akasema.